Mcheza Dansi Katika Vichekesho: Habari za Mary Tyler Moore

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja, kucheza, na kitenzi hicho kinabeba mengi. Tunacheza ngoma, tunacheza mpira, tunacheza karata. Na aliyeigiza vizuri jukwaani tunasema amecheza vizuri, maana kazi yenyewe tunaiita mchezo. Kwa sikio letu, basi, mtu aliyeanza kwa kucheza ngoma akaishia kucheza mchezo wa kuigiza hajahama nyumba. Amehama chumba tu. Kwa Waingereza na Wamarekani si hivyo. Dansi ina kitenzi chake peke yake, uigizaji nao una vyake, na anayetoka kwenye cha kwanza kwenda kwenye cha pili huulizwa, na aghalabu hujiuliza mwenyewe, kwa nini ametoka.

Mary Tyler Moore aliishi na swali hilo hadi uzeeni. Huyu ni mwanamke aliyeingia katika nyumba za Wamarekani kwa njia ya televisheni tangu mwaka 1961 hadi 1977, kwa mapumziko ya miaka minne tu katikati, akawa miongoni mwa wachekeshaji waliopendwa kupita kiasi katika chombo hicho. Alipata tuzo za Emmy, akateuliwa kuwania Oscar, akasimamishiwa sanamu ya shaba barabarani. Walakini alipohojiwa, na si mara moja, alijieleza kuwa ni mcheza dansi aliyeshindwa. Wako waliodhani anajinyenyekeza kwa adabu. Mimi naona alisema kweli kama alivyoihisi, na ndiyo sababu nimeona habari zake zina mahali katika kurasa hizi, ambazo wasomaji wake wamezoea kuhesabu mizani.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 29 Desemba 1936, na alipokuwa na umri wa miaka minane hivi wazazi wake walihamia Los Angeles. Alisomeshwa katika shule ya Kikatoliki, akafundishwa dansi tangu utotoni, na hakuwa na nia nyingine. Mwaka 1955, alipomaliza tu shule, alipata kazi yake ya kwanza ya malipo: kuwa kibwengo. Kampuni ya Hotpoint, iliyokuwa ikiuza majiko na mafriji, ilitaka kiumbe mdogo wa kurukaruka juu ya bidhaa zake katika matangazo yaliyoonyeshwa ndani ya kipindi cha The Adventures of Ozzie and Harriet. Binti wa miaka 18 akavalishwa nguo ya kubana na masikio ya ncha, akaitwa Happy Hotpoint, akapunguzwa kwa hila za kamera hata akatosha kucheza juu ya sinia la barafu. Katika siku tano alicheza matangazo 39, akalipwa dola zipatazo 6,000. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa rika lake.

Mwaka huo huo aliolewa na akashika mimba. Nguo ya kibwengo haikuwa na mahali pa kuficha tumbo, na tumbo lilipoonekana kazi ikakoma. Mwanawe, Richard, alizaliwa mwaka 1956.

Kisha yakaja mambo ya ajabu zaidi. Mwaka 1959 alipewa nafasi katika mchezo wa upelelezi, Richard Diamond, Private Detective. Alikuwa Sam, mwanamke wa kupokea simu za mpelelezi. Watazamaji walisikia sauti yake laini na wakaonyeshwa miguu yake. Uso hawakuonyeshwa hata mara moja. Tulitazame jambo hili kwa makini, maana naona halikutazamwa vya kutosha. Mtu aliyejifunza tangu utotoni kuufanya mwili wake wote useme kwa pamoja, toka ukucha hadi unywele, alikatwa vipande viwili: huku miguu, kule sauti, na katikati hapana mtu. Aliomba nyongeza ya mshahara, hakupewa, na nafasi yake ikachukuliwa na miguu mingine.

Mlango mkubwa ulifunguliwa na Danny Thomas, mchekeshaji mwenye asili ya Lebanoni aliyekuwa akitayarisha vipindi vya televisheni. Mary alikuwa amejaribiwa nafasi ya binti yake katika mchezo mwingine, akakataliwa kwa sababu ya pua: Thomas alikuwa na pua kubwa, maarufu, na aliona hapana atakayesadiki kwamba yeye angezaa binti mwenye pua ndogo kama ile. Carl Reiner alipokuwa akihangaika kutafuta mwanamke wa kuwa mke katika mchezo mpya wa Dick Van Dyke, Thomas alimkumbuka yule msichana mwenye majina matatu. Reiner alisimulia mara nyingi kwamba Mary aliposoma mstari wa kwanza tu, alijua. Hakuuliza alijifunza wapi kuigiza. Sauti yake ilikuwa na mlio fulani, kama wa glasi iliyogongwa.

The Dick Van Dyke Show ilianza tarehe 3 Oktoba 1961 na kuisha tarehe 1 Juni 1966, sehemu 158. Rob Petrie ni mwandishi wa vichekesho mjini New York; Laura, mkewe, anakaa nyumbani New Rochelle na mtoto wao mmoja. Na Laura alikuwa nani kabla ya kuolewa? Mcheza dansi, aliyekutana na mumewe kambini akiwatumbuiza wanajeshi. Waandishi walimpa maisha yaliyofanana na ya mwigizaji mwenyewe, isipokuwa kwamba Laura aliiacha dansi kwa hiari na kwa furaha. Mara kwa mara, wageni wanapofika barazani, mume na mke husukuma viti kando wakacheza, na hapo mtazamaji huona kwa nukta chache kile ambacho kimefichwa katika mchezo wote.

Kulikuwa na mzozo wa suruali. Wanawake wa televisheni wa wakati ule walipiga deki na kukaanga nyama wakiwa wamevaa gauni lenye marinda, viatu vya kisigino na lulu shingoni. Mary alikataa. Alisema mwanamke akiwa nyumbani na kazi zake huvaa suruali, na yeye atavaa. Waliolipia matangazo waliingiwa na wasiwasi kwa namna suruali ile ilivyomkaa nyuma, na kwa muda ikakubaliwa kwamba ataivaa katika onyesho moja tu la kila sehemu. Haukupita muda mrefu makubaliano yale yakasahauliwa, na wanawake wengi wa Marekani wakawa wanavaa kama yeye. Waliouandika ugomvi huu wameusifu kama hatua ya uhuru wa wanawake, na sina sababu ya kubisha. Ila naongeza hili: suruali fupi ya kubana na viatu bapa ndivyo anavyovaa mcheza dansi anapofanya mazoezi. Alitaka kuweza kusogea.

Na alisogea. Katika sehemu ya pili iliyorushwa, Oktoba 1961, Laura anadhani mumewe amemchoka, anapaka nywele rangi ya dhahabu, anajuta, na mumewe anamkuta kichwa nusu dhahabu nusu nyeusi. Anajaribu kueleza huku analia. Ni hotuba ndefu. Kila sentensi inakatwa na kilio, na kila kilio kinapanda juu kidogo kuliko kile kilichopita, hata maneno yanakwisha na kubaki milio. Alikuwa na miaka 24, na wenzake katika mchezo ule walikuwa wakongwe wa kuchekesha. Baada ya hapo Reiner alianza kumwandikia mengi zaidi ya aliyokusudia mwanzo, maana aliyekuwa amemwajiri awe mke wa mchekeshaji alikuwa mchekeshaji.

Kilio kile ni dansi. Sisemi hivi kwa kupamba. Anayetunga shairi la mizani kumi na sita anajua kwamba silabi moja ikizidi, shairi ni guni, hata kama maana ni nzuri kama asali. Kichekesho nacho ni hivyo hivyo. Mchezo wa aina hii, tangu ulivyopangwa na Lucille Ball na wenzake mwaka 1951, huchezwa mbele ya watu waliokaa vitini na kamera tatu zikipiga picha kwa wakati mmoja. Mwigizaji ana alama sakafuni. Lazima mguu wake ufike alama ile katika neno lile lile, siku ya mazoezi na siku ya kurekodi. Asubiri kicheko kipande, kisifike chini kabisa, ndipo atamke linalofuata. Akiwahi, kicheko kinameza maneno, na akichelewa, ukumbi unapoa. Waigizaji wengi hujifunza hesabu hii kwa miaka. Mcheza dansi huja nayo toka nyumbani. Mwaka 1963 katika sehemu moja ya ndoto, Rob anafungua kabati, maelfu ya jozi zinamwagika, na Laura anatoka ndani yake akiteleza juu ya jozi zile kwa tumbo, kichwa mbele, akitabasamu. Jaribu kuteleza juu ya karanga ngumu ukitabasamu.

Alipata Emmy mbili kwa mchezo ule, 1964 na 1966. Mchezo ulipokwisha alikuwa na miaka 29, na alifanya alilokuwa amelisubiri tangu utoto: alikwenda New York kuimba na kucheza dansi jukwaani. Mtayarishaji alikuwa David Merrick, mkubwa wa Broadway. Hadithi ilitoka katika riwaya ya Truman Capote, Breakfast at Tiffany's. Walikwenda kuijaribu katika miji mingine, haikwenda; wakamleta Edward Albee aiandike upya, ikawa mbaya zaidi. Desemba 1966, baada ya maonyesho manne ya majaribio, Merrick aliifunga kabla ya usiku wa ufunguzi. Mtu anaweza kusema kosa lilikuwa la hadithi. Lakini aliyesimama pale jukwaani akisikia watu wakinung'unika gizani alikuwa yeye.

Filamu nazo hazikumwokoa. Katika Thoroughly Modern Millie ya 1967 alicheza vizuri, ila sifa zilikwenda kwa wengine. Mwaka 1969 alikuwa mtawa katika filamu ya Elvis Presley. Basi. Lililomwokoa lilikuwa kipindi kimoja cha Aprili 1969, ambamo Dick Van Dyke alimwalika waimbe na kucheza dansi pamoja kwa saa moja. Wakuu wa CBS walikipenda kipindi kile hata wakamtaka awe na mchezo wake mwenyewe. Yaani dansi ndiyo iliyobisha hodi. Walipofungua mlango wakamwambia dansi ibaki nje, yeye aingie.

Yeye na mumewe wa pili, Grant Tinker, waliunda kampuni, MTM, ambayo nembo yake ilikuwa mtoto wa paka akilia nyau mahali pa simba wa MGM. Waandishi James L. Brooks na Allan Burns walitaka shujaa wao awe mwanamke aliyepewa talaka. CBS walikataa katakata. Inasemwa kwamba waliogopa watazamaji wangedhani amempa talaka Dick Van Dyke. Ikawa basi ni mwanamke wa miaka 30 aliyeachwa na mchumba, anayehamia Minneapolis na kupata kazi katika chumba cha habari cha kituo hafifu cha televisheni, WJM. Mchezo ulianza tarehe 19 Septemba 1970.

Mazoezi ya kwanza mbele ya watu yalikuwa balaa. Hawakucheka. Hasa hawakumpenda Rhoda, jirani wa juu, waliyemwona mkali kwa Mary wao. Aliyeliponya jambo hilo hakuwa mwandishi bali mwanamke wa kufuatilia maandishi, Marge Mullen: alishauri kwamba mtoto wa jirani mwingine aonyeshe kumpenda Rhoda, maana watu humwamini anayependwa na mtoto. Maneno machache yakaongezwa, na siku ya kurekodi ukumbi ulicheka. Na Rhoda huyo, Valerie Harper, naye alikuwa mcheza dansi. Alikuwa amecheza Broadway katika kundi la nyuma, mwaka 1960 katika Wildcat nyuma ya Lucille Ball mwenyewe. Ukiwatazama wawili wale katika chumba kidogo cha Mary, mmoja anapokaa mwingine anapoinuka, hawagongani na hawatazamani miguu.

Mchezo ulirushwa kwa misimu saba, sehemu 168, ukapata Emmy 29, idadi ambayo haikupitwa na mchezo mwingine wa vichekesho hadi Frasier mwaka 2002. Mengi yameandikwa juu ya mwanamke yule asiye na mume ambaye hadithi haikumwozesha. Nami nayapita, kwa kuwa yameandikwa vizuri. Nitabaki na mazishi.

Tarehe 25 Oktoba 1975 ilirushwa sehemu iliyoandikwa na David Lloyd, ambayo mwaka 1997 jarida la TV Guide liliitaja kuwa bora kuliko sehemu zote za michezo yote ya televisheni ya Marekani. Chuckles, mchekeshaji wa watoto wa kituo kile, amekwenda kwenye gwaride akiwa amevaa kama karanga, na tembo akajaribu kumbambua ganda. Wenzake Mary wanashindwa kujizuia; kila wakilitaja wanacheka. Mary anawakemea. Kifo ni kifo. Mwongozaji wa kawaida wa mchezo, Jay Sandrich, hakutaka kuiongoza sehemu hii, akiona haina cha kuchekesha, ikaongozwa na Joan Darling.

Kanisani wote wamekaa kimya kwa heshima. Kasisi anaanza kutaja kazi za marehemu, na hapo kicheko kinamkamata Mary peke yake. Kwanza ni pumzi tu, puani. Anaigeuza kikohozi. Mabega yanatikisika mara moja; anayashusha. Mdomo anaukunja ndani, anauuma, anatazama juu, anatazama chini. Muda wote hatoki kitini, na hasemi kitu. Kasisi anapomwona, badala ya kumkemea anamsimamisha, anamwambia acheke, maana Chuckles angefurahi. Ndipo analia. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba hapa ndipo dansi yake ilipo kamili: mwili mmoja, kwenye benchi la kanisa, unaojizuia kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Lakini alipoitoa dansi hadharani, watu waliikataa. Mwaka 1976, akiwa katika kilele cha mapenzi ya watazamaji, alitayarisha kipindi maalumu cha nyimbo na dansi, Mary's Incredible Dream, hakikupokelewa vyema. Mwaka 1978 alirudi na kipindi cha kila juma cha nyimbo, dansi na vichekesho, Mary. CBS walikiondoa baada ya sehemu tatu. Mwaka 1979 alijaribu tena kwa sura nyingine, na baada ya sehemu 11 hicho nacho kikafa. Hao ni watu wale wale waliompenda. Walimpenda akiteleza juu ya jozi. Walimpenda akizuia kicheko. Wakimwona amenyoosha mguu na bendi inapiga, wanabadilisha kituo. Sidhani kwamba alicheza vibaya. Nadhani walikwisha kumzoea kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani akisimama mezani kucheza, jamaa huona haya.

Mwaka uliofuata Broadway ilimpokea. Ilikuwa Whose Life Is It Anyway?, mchezo ulioandikwa kwa ajili ya mwanamume na kubadilishwa ili acheze mwanamke. Alikuwa mchonga sanamu aliyepooza toka shingoni kwenda chini baada ya ajali, anayedai haki ya kufa. Mchezo mzima alilala kitandani. Kilichosogea ni kichwa na sauti. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo maalumu ya Tony, mwaka 1980. Mji ule ule uliomkataa akicheza, ulimsimamia na kumpigia makofi akiwa amelala bila kutikisika.

Mwaka huo wa 1980 ulikuwa na mengine. Katika filamu ya Robert Redford, Ordinary People, alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe, mwenye mgongo ulionyooka mno, asiyekubali kulia. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar. Filamu ilitoka Septemba. Mwezi Oktoba mwanawe wa pekee, Richard, alikufa kwa ajali ya bunduki, akiwa na miaka 24. Sitaongeza neno hapo.

Alikuwa na kisukari tangu umri wa miaka 33, yaani karibu muda wote wa mchezo wake mwenyewe, na kwa miaka mingi aliongoza juhudi za kuchangisha fedha za utafiti wa maradhi hayo. Mwishoni yalimpunguzia kuona. Sanamu yake iliwekwa Minneapolis mwaka 2002, mahali pale pale alipopigwa picha za mwanzo wa mchezo, akizunguka katikati ya njia na kurusha kofia yake hewani. Alifariki tarehe 25 Januari 2017, akiwa na miaka 80.

Nimebakiza kwa makusudi usiku wa tarehe 19 Machi 1977, sehemu ya mwisho. Wakuu wapya wa kituo wamewafukuza kazi wote isipokuwa Ted, msomaji habari, ambaye ndiye pekee aliyestahili kufukuzwa. Wafanyakazi wanakusanyika katikati ya chumba, wanakumbatiana wote kwa pamoja, wanalia. Mmoja anahitaji kitambaa cha karatasi cha kufuta machozi, na boksi liko mezani, mbali. Hapana anayetaka kumwachia mwenzake. Basi wanakwenda wote, donge moja la watu, kwa vihatua vidogo vidogo vya kuburura miguu, kwenda mezani, vichwa vimegusana, hata mkono mmoja unafika kwenye boksi. Kisha wanatoka wakiimba wimbo wa zamani wa askari. Mary anabaki nyuma, anakitazama chumba, anazima taa, anafunga mlango.